Fizikia ya kwantamu na Advaita ya Wahindu: ni jambo moja, au tunalilazimisha?

Kijana_wa_Moro

Habari zenu wakubwa. Nasoma shahada ya ualimu, fizikia na hisabati, mwaka wa tatu. Chumbani tuko wanne, na mmoja wetu tangu aanze yoga kwa kutazama video amekuwa mtu mwingine. Taa zikizimwa ndipo anapoanza: wanasayansi wa Ulaya wamegundua juzi tu kile ambacho Wahindu walikijua zamani za kale; hakuna kitu mpaka kitazamwe; sisi sote ni fahamu moja; meza hii ni maya, yaani kiini macho, kwa sababu atomi ni tupu. Wiki iliyopita akanitumia video ya dakika 11 yenye muziki wa filimbi. Humo wanasema Schrödinger, mwanafizikia wa mlinganyo mkuu wa kwantamu, aliutoa mlinganyo wake kwenye Upanishadi, maandiko ya kale ya Wahindu.

Sasa, huo mlinganyo nimeukokotoa. Chembe ndani ya boksi, chembe inayopenya ukuta, atomi ya haidrojeni mpaka machozi. Sikuona mahali palipoandikwa fahamu. Ila sitaki kubeza dini ya watu kwa sababu tu siijui. Naomba mwenye kujua anisaidie: Schrödinger aliamini haya kweli? Kule "kutazama" kwenye jaribio la mianya miwili, lile ambamo chembe hupita mianya na kujipanga kwa mistari kama mawimbi, ndiko kutazama wanakosema Wahindu? Na chembe zikifungamana, yaani majibu yao yakaendana hata zikiwa mbali, huo ndio ule umoja wa vyote?

Msinitupie link tafadhali. Nielezeni kwa maneno yenu.

NuruYaNdani

Kaka, mwenzako yuko mbele yako, msikilize. Schrödinger aliamini. Mwanafizikia Bohr aliamini, mwenzake Oppenheimer alisoma Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa Kisanskriti. Watu wakubwa wote hao hawawezi kukosea. Kwantamu ni Vedanta, falsafa ya Upanishadi, iliyovaa koti jeupe la maabara.

fundi_wa_friji

Mimi nimepita tu. Friji ikifunguliwa taa inawaka, ikifungwa sijui. Hiyo nayo ni kwantamu?

MwalimuMstaafu_Tanga

Marahaba mwanangu, ingawa shikamoo yenyewe sijaiona.

Nimefundisha fizikia sekondari miaka 34, na ni Mhindi wa Tanga. Babu wa babu yangu alishuka na jahazi kutoka Kutch, India, akiuza vitambaa. Swali lako limenigusa kotekote, na kotekote nina ugomvi na hiyo video.

Nianze na hilo la "Wahindu walijua". Wahindu wepi? Advaita ni mkondo mmoja tu. Neno lenyewe ni "a" ya kukanusha na "dvaita", uwili. Si-mbili: nafsi na ukweli wa mwisho ni kitu kimoja. Aliyeusimamisha kwa hoja ni Shankara, mtu wa Kaladi, Kerala, ambaye wengi humweka karne ya 8. Baadaye Ramanuja akampinga, na Madhva akampinga kwa ukali zaidi, akasema Mungu na nafsi ni wawili na watabaki wawili. Nyumbani kwetu tulimfuata Vallabha, kama familia nyingi za Bhatia zilizotoka Kutch kuja pwani hii. Vallabha naye neno advaita analo, lakini kwake dunia si kiini macho. Dunia ni ya kweli, ni Mungu Krishna mwenyewe.

Kila alfajiri bibi yangu, tuliyemwita Ba, alimwamsha Thakorji, sanamu ya Krishna ya nyumbani, akamwogesha, akamvisha, akamwekea maziwa yenye iliki. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nikarudi likizo na Shankara kwapani, nikamwambia Ba kwamba kwa hakika yeye na Thakorji ni mmoja. Hakuacha kukunja vile vitambaa vidogo. Akasema, "Sawa. Na kesho nani atamwamsha?"

Basi mwenzako akisema Wahindu wote wanaamini meza ni maya, mwambie kuna bibi mmoja Tanga alikataa.

Sasa Schrödinger. Ndiyo, aliamini, na si kwa juujuu. Ila angalia njia iliyomfikisha, maana kwangu hiyo ndiyo hadithi tamu kuliko yote na video haikuigusa. Mwaka 1657 Dara Shikoh, mwana wa mfalme wa Mughal, Mwislamu wa tarika ya Kadiria (ileile tunayoijua huku pwani), alikamilisha tafsiri ya Upanishadi hamsini kwenda Kiajemi. Miaka miwili baadaye ndugu yake Aurangzeb alimwua katika ugomvi wa kiti cha enzi. Kile Kiajemi kikamfikia Mfaransa, Anquetil-Duperron, akakigeuza Kilatini, kikachapwa 1801 na 1802. Kilatini hicho kikaangukia mikononi mwa Schopenhauer, mwanafalsafa Mjerumani, ambaye alikipenda mno. Na Schrödinger, kijana wa Vienna aliyetoka vitani mwaka 1918, alimsoma Schopenhauer, na kutoka kwake akaingia Vedanta. Kisanskriti, Kiajemi, Kilatini, Kijerumani! Maneno ya Uddalaka, mwalimu wa ndani ya Upanishadi, akimfundisha mwanawe Shvetaketu yamepita mikono mingi kama fedha.

Vuli ya 1925 Schrödinger aliandika insha akieleza imani yake kwamba fahamu ni moja tu, si nyingi. Baadaye alilisema jambo hilo kama mtu wa sarufi: fahamu ni nomino isiyo na wingi. Sisi wa Kiswahili tunalipata haraka. Ni kama "wema" au "uhuru". Huwezi kusema wema wawili. Miezi michache baada ya insha hiyo, likizo ya Krismasi akiwa Arosa, Uswisi, akaupata mlinganyo.

Hapo ndipo watu wa video wanaporuka: kwanza Vedanta, kisha mlinganyo, basi hii imeizaa ile. Lakini mlinganyo una wazazi wake, na wanajulikana. Mmoja ni tasnifu ya Louis de Broglie ya 1924, iliyosema kama mwanga una tabia ya chembe, basi elektroni nayo iwe na tabia ya wimbi. Mwingine ni Hamilton wa karne ya 19, aliyeonyesha kwamba hesabu za miale ya mwanga na hesabu za mwendo wa vitu zinafanana. Umesema mwenyewe hukuona fahamu ndani yake. Hukuiona kwa sababu hakuiweka.

Halafu kuna hili, na ningependa ulikariri. Mwaka 1943, akiwa mkimbizi Dublin, alitoa mihadhara kuhusu uhai, ikachapwa mwaka uliofuata. Mwishoni kabisa anamleta Atman (nafsi) na Brahman (ukweli wa mwisho) waziwazi, anasema ni mmoja. Na katika kurasa hizohizo anasema kutotabirika kwa kwantamu hakuna kazi ya maana katika matukio ya mwilini yanayoendana na fikra zetu! Yaani mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuviunganisha vitu hivi viwili, alivishika vyote, kimoja mkono huu na kingine mkono ule, akakataa kuvifunga pamoja.

Kuhusu hao wengine aliowataja NuruYaNdani. Bohr alipopewa nishani ya Tembo ya Denmark mwaka 1947 alichora yin na yang kwenye ngao yake. Hiyo ni Uchina. Oppenheimer kweli alijifunza Kisanskriti Berkeley, kwa Arthur Ryder. Lakini sura ya 11 ya Gita aliyoikumbuka kuhusu jaribio la bomu la atomiki la Julai 1945 ni sura ambamo shujaa Arjuna anatetemeka mbele ya Bwana wake na kumwomba arudi katika umbo la kawaida. Kama kuna mahali pana wawili, ni pale.

Chai yangu imepoa. Nitarudi na hilo la kutazama.

fundi_wa_friji

Mwalimu karibu friji, maziwa ya Thakorji yasiharibike.

MwalimuMstaafu_Tanga

Haya. Kutazama.

Lugha ndiyo iliyotuponza. Mwalimu husema "elektroni ikitazamwa inabadilika", na mwanafunzi anaona jicho. Maabara hakuna jicho. Kuna kigunduzi, kuna kompyuta, na aliyeanzisha jaribio yuko kantini. Alama zinajipanga yeye akiwepo au asiwepo.

Mfano ninaoupenda ni wa Vienna, 2004, mji uleule wa Schrödinger. Walichukua molekuli za kaboni zenye atomi 70 kila moja, wakazipitisha kwenye chombo chenye nyavu nyembamba sana, zikafanya mistari ya mawimbi kama ulivyofundishwa. Kisha wakazipasha moto kwa leza kabla hazijapita. Kadiri zilivyozidi joto ndivyo mistari ilivyofifia, mwishowe ikapotea. Kwa nini? Kitu chenye moto hutoa mwanga. Molekuli ikitoa fotoni (chembe ya mwanga) njiani, ile fotoni inaondoka na habari ya mahali ilikotoka. Hakuna aliyeisoma hiyo habari. Ilitosha kwamba imetoka, imetapakaa ukutani mwa chombo. Molekuli imejisengenya yenyewe.

Huko ndiko "kutazamwa" kwa fizikia: habari kuvuja. Vumbi linaweza kutazama, hewa inaweza kutazama. Ndiyo maana meza yako haipotei usiku mkizima taa, bila kuhitaji mwenzako akeshe akiifikiria. Na hiyo meza si "tupu" kama chumba kisicho na samani. Elektroni zimetanda humo kote, na kiganja chako hakizami kwa sababu ya kanuni ya Pauli ya 1925: elektroni mbili hazikai katika hali moja. Ni kama daladala ya Tanga, isipokuwa ile ya kwetu kondakta hakubali kanuni.

Nisionekane naficha: walikuwepo wanafizikia waliosema fahamu ndiyo inayokamilisha kipimo. Wigner alilisema hilo mwaka 1961, na alikuwa mtu mzito. Baadaye alisoma kazi za mwanafizikia Zeh kuhusu jinsi mazingira yanavyovuruga mawimbi, kama zile molekuli za moto, akaliacha wazo lake.

Sasa upande wa Advaita. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, mtu mmoja anamwomba mwenye hekima Yajnavalkya amwonyeshe Atman. Anajibu kwamba huwezi kumwona mwonaji wa kuona. Mtazamaji wa Advaita ni yule asiyeweza kuwekwa mezani akatazamwa. Ukishamweka mezani, si yeye tena. Kigunduzi cha Vienna kiko mezani, kina nyaya, kina risiti. Unaweza kukipima kwa kigunduzi kingine. Tumeviita vyote viwili "mtazamaji" kama tunavyoita "kaa" la jikoni na "kaa" wa baharini.

fundi_wa_friji

Huwezi kumwona mwonaji… nyani haoni kundule. Kiswahili kililijua hili kabla ya Kisanskriti.

MwalimuMstaafu_Tanga

Fundi, umenichekesha mpaka mjukuu kaja kuchungulia. Ila kundule la nyani wenzake wanaliona. Yajnavalkya anasema huyu hata wenzake hawamwoni.

Kama unataka methali iliyo karibu kweli, chukua "aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka". Shankara na wanafunzi wake wana mfano wao wa kila siku: gizani umeona nyoka, ukaleta taa, kumbe kamba. Pwani tunausema kwa ajili ya woga. Wao wanauliza swali jingine: yule nyoka alikuwa wapi? Hakuwepo, lakini jasho lilikuwa jasho. Hakutoka kwenye kamba, wala hukumtoa hewani. Hiyo ndiyo maya. Si "atomi ni tupu". Nyoka hageuki kuwa kamba kwa kupimwa, alikuwa kamba tangu mwanzo. Elektroni sivyo: kipimo kinaibadilisha kweli, na huwezi kurudi nyuma.

NuruYaNdani

Mwalimu kwa heshima zote, unaishusha Veda, maandiko yetu matakatifu. Na wewe ni wa damu! Sayansi ikiithibitisha, kwa nini usifurahi?

MwalimuMstaafu_Tanga

Mwanangu, damu haijui fizikia; ingejua, ningepumzika miaka yote ile 34.

Nikupe Shankara mwenyewe. Akifafanua Gita, mwishoni mwa sura ya 18, anasema hata yaje maandiko mia yakitamka kwamba moto ni baridi, hayatakuwa hoja. Mambo ya moto muulize moto. Kazi ya maandiko kwake ni kile ambacho macho na hesabu haviwezi kukifikia kabisa. Mtu huyo ungemwambia "Brahman amethibitishwa Vienna" angekuuliza, amepimwa na nani, kwa rula gani? Kwake kinachoweza kuthibitishwa maabara, kwa hiyohiyo sababu, si Brahman.

Nikubali kinachokubalika. Shankara ana ngazi mbili: ukweli wa shughuli za kila siku, ambamo kamba ni kamba na deni hulipwa, na ukweli wa mwisho. Mtu aliyesoma kwantamu anaielewa ngazi mbili haraka kuliko mwingine, maana ameshazoea kuishi na meza ngumu na hesabu isiyo na meza. Na wote wawili, mwanafizikia na mtawa, wanafika mahali maneno yanagoma. Hilo ni kweli, nami limenifariji. Lakini kugoma kwa maneno si ushahidi kwamba walikuwa wanasema kitu kimoja. Hata mlevi maneno humgomea.

Kijana_wa_Moro

Shikamoo mwalimu, nisamehe kwa ile ya kwanza. Nimemsomea mwenzangu yote. Amenyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi umebaki mfungamano. Huo hawezi kuukwepa. Chembe mbili mbali kabisa na bado ni kitu kimoja, na watu wamepewa Nobeli 2022."

MwalimuMstaafu_Tanga

Marahaba, hiyo ndiyo shikamoo.

Mwenzako si mjinga, huo ndio mfano bora alionao. Nobeli ya 2022 walipewa Aspect, Clauser na Zeilinger, na walichoonyesha kwa ile hesabu ya mwanafizikia Bell ya 1964 ni kizito: huwezi kusema kila chembe ilibeba majibu yake mfukoni tangu mwanzo bila kujali mwenzake anapimwaje. Hapo mimi mwenyewe huwa nalala macho wazi. Kama ningelazimishwa kumtafutia jirani kule India ningembishia hodi Nagarjuna, Mbudha, aliyesema vitu havina asili yao peke yao, kabla ya kwenda kwa Shankara.

Lakini muulize mwenzako, huo umoja unadumu muda gani? Mwaka 2017 Wachina walitumia setilaiti iitwayo Micius kugawa fotoni zilizofungamana kwa vituo viwili vilivyo umbali wa zaidi ya kilomita 1200. Kule juu walikuwa wakitengeneza jozi karibu milioni 6 kila sekunde. Zilizonaswa chini zote mbili zikiwa salama ni kama jozi moja kwa sekunde. Nyingine zimepotelea njiani. Mfungamano ni kitu cha kulelewa kama yai, unaanza saa fulani, unaisha saa fulani, uko kati ya hiki na kile na si kingine. Na huwezi kuutumia kupeleka hata salamu.

Umoja wa Advaita hauanzi. Hakuna siku mliungana. Uddalaka alimwambia mwanawe, aliyerudi na kiburi baada ya kusoma miaka 12, atie chumvi majini usiku, kesho aonje pembeni, katikati, upande wa pili. Chumvi, chumvi, chumvi. "Wewe ndiwe hicho," akamrudia mara tisa katika masomo yale. Kufungamana kunahitaji viwili ndipo vifungamane. Yeye anasema viwili havijawahi kuwepo.

Sasa muache mwenzako na imani yake, inaweza kumfaa sana. Wewe nenda kafanye kitu. Chukua leza ndogo nyekundu, ya kuonyeshea ubaoni, wimbi lake ni kama nanomita 650. Bandika unywele mmoja wima mbele yake, zima taa, elekeza ukutani kama mita mbili na nusu. Msiitazame leza machoni. Utaona doa katikati na vipande vya mwanga kushoto na kulia, vimekatwa na giza. Pima umbali kutoka giza hadi giza la jirani upande mmoja. Zidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa ukuta, gawa kwa ulichopima: huo ni unene wa unywele. Hii si kwantamu bado, ni mawimbi ya mwanga ya Thomas Young ya zaidi ya miaka 200, lakini ndipo mlango ulipo.

Kijana_wa_Moro

Mwalimu, tumefanya usiku huu. Ukuta mita 2.4, giza hadi giza sentimita 2.1. Nimepata milimita 0.074. Chumba kizima kimepiga kelele mpaka mlezi wa bweni akagonga mlango. Mwenzangu wa yoga ndiye aliyeshika rula.

fundi_wa_friji

Unywele wa nani?

Kijana_wa_Moro

Wake. Mimi nina upara wa kunyoa.

MwalimuMstaafu_Tanga

Kipimo kizuri, kiko palepale unywele wa mtu unapopaswa kuwa. Rudieni mara tano mpate wastani, kisha muombe na mlezi wa bweni wake. Wa Ba nilikuwa nao kwenye kitabu cha sala, nikaupima mwaka niliostaafu: 0.05. Mweupe mtupu, na mistari yake mipana kuliko ya wote nyumbani.